Baba Mkwe Nyuma ya Pazia

Bwana Yesu asifiwe, akina mama! Mmeitika vizuri, na baridi yote hii ya Iringa. Mimi nimetoka Mbeya, Iyunga, pale kando ya barabara kuu, lakini msinihesabu mgeni. Nimezaliwa Nyololo, ni Mhehe kama wengi wenu, ila niliolewa na Wanyakyusa wakanichukua. Wananiita Mama Faraja. Nimeombwa nishuhudie habari ya uvumilivu, na mume wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe? Uvumilivu?" Sikumlaumu. Sisi Wahehe hasira zetu zinajulikana, na mimi nadhani nilipewa na za jirani.

Ndugu zangu, Mungu ni mwema. Nisikilizeni kwa utulivu, sitawachosha.

Mume wangu, Ambakisye, ni dereva wa lori la mizigo. Leo yuko Tunduma, kesho unasikia kwa simu yuko Mikumi. Mtoto wetu Faraja anasoma bweni. Kwa hiyo nyumbani mara nyingi tuko mimi na kuku. Basi wakati wa masika, baba mkwe wangu aliteleza kwenye migomba yake kule Rungwe akavunjika nyonga. Mama mkwe alishatangulia mbele za haki kabla mimi sijaolewa. Mzee akafanyiwa upasuaji Mbeya, na daktari akasema asirudi mlimani kwanza. Alale muda mrefu, mguu usipindwe hata kidogo, na awe anapelekwa mazoezi hospitali. Watoto wake wakatazamana, wakaona pa karibu ni kwangu. Nami nilifurahi, kwa sababu baba yangu mzazi sikukaa naye sana. Nilisema, sasa nimepata baba.

Siku ya kumleta nilijiandaa. Mnajua kwetu mkwe anavyompokea baba. Unapiga magoti, unamshika mkono kwa mikono yako miwili, unamsalimia taratibu mpaka habari za ng'ombe ziishe. Gari liliposimama nikatoka mbio, nikapiga magoti pale mlangoni macho chini, nikamshika mkono, "Kamwene, baba!" Mzee akaunyakua mkono wake kama aliyegusa jiko. Akavuta blanketi, akajifunika uso mzima, akageukia upande wa pili. Siku ile hakula kitu.

Wifi yangu, anaitwa Tumpe, alinivuta jikoni. "Wifi, umefanya nini! Mkwe haonani na baba! Hamtazamani, hamgusani, hamkai chumba kimoja!" Jamani, mimi niliwahi kusikia mila hiyo, lakini mume wangu aliniambia ni mambo ya wazee wa zamani, kwamba baba yake ni mzee wa kanisa na hayo alishaacha. Kumbe hakuacha. Kila tulipokwenda Rungwe mimi nilikuwa nawekwa jikoni tu, sijawahi kuketi naye, nikadhani ni kwa sababu napika vizuri!

Basi tukatundika pazia la kitenge mlangoni kwake. Tumpe alimhudumia wiki za mwanzo, kisha watoto wake na shamba vikamwita, akarudi kwake. Akaja mzee mmoja wa usharika wetu, Baba Joeli, Mungu ambariki, akawa anafika asubuhi na jioni kumwogesha, kumgeuza na kumlisha. Shida ilikuwa mchana. Mchana nilikuwa peke yangu, na mgonjwa lazima ale. Nilipika ndizi na maharage kama wanavyopenda kwao, nikainua pazia huku nimeinama, nikaweka sahani kwenye kistuli karibu na kitanda, nikatoka haraka. Nikirudi, chakula kiko vile vile. Nilibadilisha. Nikapika viazi, nikapika wali, nikachinja kuku. Hakugusa. Baba Joeli akileta kile kile jioni, kimepoa, mzee anakula mpaka anaramba vidole!

Ndugu zangu, niliumia. Naomba niseme kama ilivyo, niliumia sana. Ukipikiwa ukakataa, umemwambia mpishi nini? Nilijiona kama nimetia sumu. Usiku namsikia akikohoa, asubuhi nafua mashuka yake, nachemsha maji yake, na mtu mwenyewe hajawahi kunitamkia hata neno moja. Nilifunga, nikaomba. Maombi yangu yalikuwa mafupi: Bwana, ondoa hili pazia, au mtoe huyu mzee, au nitoe mimi.

Mzee akaanza kukonda. Mtu mwenye mfupa unaounga anatakiwa ale, naye alikuwa anakula mara mbili tu, tena kidogo. Hospitali wakamuuliza Baba Joeli, aliyekuwa anampeleka mazoezi, kama nyumbani kuna chakula. Maneno yakafika Rungwe. Shemeji zangu wakapiga simu kwa mume wangu, Mhehe anamshindisha Baba na njaa, tunakuja kumchukua. Wakimchukua, kule mlimani gari halifiki masika, mazoezi hakuna, na daktari alishatuambia kwamba asipofanya mazoezi hatasimama tena, na mzee asiyesimama hana siku nyingi. Nililijua hilo. Na nilijua pia kwamba akirudi kwao akafa, mimi ndiye nitakuwa nimemuua, maisha yangu yote, katika ukoo ule.

Siku moja nikasema basi. Nikafungasha begi, nikampigia mama yangu Nyololo. "Mama, nakuja nyumbani. Nimechoka." Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Akaniambia, "Njoo, mlango uko wazi. Ila mpikie kwanza, usimwache na njaa."

Nilikasirika, lakini nikapika. Ndiyo kwanza nilikuwa nasonga ugali, begi liko pale mlangoni, nikasikia kishindo chumbani kwa mzee. Kisha sauti ya mtu anayejizuia asilie.

Nikakimbia mpaka kwenye pazia. "Baba! Umeanguka?" Akajibu, "Usiingie!" Hilo ndilo neno la kwanza baba mkwe wangu aliloniambia duniani, usiingie. Nikatoka nje kuita watu. Baba Joeli alikuwa ameenda msibani Uyole, na nusu ya mtaa iko huko huko msibani. Mume wangu yuko Tunduma anasubiri kuvuka mpaka. Nikarudi kwenye pazia, nikamsikia anavyohema. Ndani kuna mgonjwa ambaye mguu wake usipindwe hata kidogo, ameanguka chini. Nikiingia, nimemvunjia heshima ambayo ameitunza tangu ujana wake. Nisipoingia, mfupa unaachia.

Nilipiga magoti pale pale kwenye sementi. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, "Yesu, mimi sijui." Basi.

Nikafungua khanga yangu ya begani, nikaikunja, nikaifunga machoni, nikakaza fundo kisogoni mpaka kichwa kikauma. Nikasema, "Baba, nimefunga macho. Sikuoni. Naingia." Kukawa kimya. Nikadhani amezimia. Halafu nikasikia, taratibu kabisa, "Nyosha mkono. Njoo mbele. Polepole."

Akina mama, mimi ni mtu wa haraka. Nikiosha vyombo vinavunjika. Lakini siku ile nilijifunza kusubiri neno. Ilibidi kila hatua nisubiri aniambie, kwa sababu nikitangulia kidogo tu namkanyaga mguu. "Simama. Hapo chini ndipo mguu wangu. Pita kushoto. Inama. Hilo ni bega." Mikono yake bado ilikuwa na nguvu ya jembe. Akashika mbao za kitanda, mimi nikabeba kiuno na ule mguu, tukapanda kidogo kidogo, yeye anaongoza, mimi nafuata, tunapumzika, tunapanda tena. Jasho lilinitoka kama niko shambani. Na ndani yangu, ndugu zangu, kukatulia! Ile hasira ya miezi yote sikuiona ilipopitia. Niliisikia sauti ya mzee tu, na ndani yake kama sauti ya Bwana ikiniambia hivyo hivyo, polepole, nisubiri nikuambie.

Nilipomfunika blanketi nikarudi kinyumenyume, nikajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, paa! Mzee akacheka. Alicheka mpaka akajishika nyonga. "Pole, mwanangu," akasema. "Ndaga fijo." Kwao ndiyo asante sana.

Nikakaa chini upande wangu wa pazia nikalia. Akaniuliza ninalilia nini. Nikamwambia, "Baba, mbona unanichukia? Mbona hata chakula changu huli?"

Akasema, "Gwe mwanangu, nani kakwambia nakuchukia? Kwetu sisi mtu usiyemheshimu ndiye unayemwangalia hovyo hovyo. Wewe ni mkwe. Ukiingia mwenyewe na sahani mpaka kitandani, uso wako uko juu ya chakula changu, nitakulaje? Nitakula nikikutazama? Ningekuwa nimekutukana." Akasema angenieleza mapema, lakini kwa mila yao hata kuongea nami haikufaa, na mwanawe alimwambia mimi nafahamu kila kitu. Mume wangu huyo! Mimi kaniambia Baba ameacha, Baba kaambiwa mimi najua.

Yaani muda wote ule nilioona dharau, yeye alikuwa ananipa heshima. Na mimi nilipopiga magoti nikamshika mkono, nilikuwa nampa heshima, naye akaona dharau. Tulikuwa watu wawili tunaheshimiana mpaka mmoja anataka kufa na njaa!

Nilimwambia, "Sasa ugali upo. Nifanyeje?" Akasema, "Weka hapo mlangoni, kohoa, rudi." Nikaweka sahani kwenye kistuli kingine, nikakisukuma chini ya pazia, nikakohoa, nikarudi. Akakivuta kwa bakora. Alikula wote. Begi nililifungua jioni.

Tangu hapo tukawa tunaishi hivyo. Nakohoa, anakula. Mchana namenya viazi upande wangu, namsomea Neno kwa sauti, kwa sababu macho yake yamefifia. Nikisoma haraka ananirudisha, "Anza tena, usilikimbize." Ananifundisha kuomba bila kumharakisha Mungu. Afya ikarudi, akaanza kusimama kwa magongo.

Lakini shemeji zangu walikuwa wameshaamua. Wakaja na gari, na Tumpe, na baba mdogo wao, wakakaa sebuleni. Mume wangu alikuwepo siku hiyo, kichwa chini. Mimi niko jikoni kama desturi, nasikiliza. Wakasema mengi. Kwamba Baba amekonda, kwamba mwanamke wa kabila lingine hajui kumtunza, kwamba ni aibu. Baba mdogo akapaza sauti kuelekea chumbani, "Kaka, jitayarishe, tunakupeleka nyumbani."

Mzee akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Siendi. Nitakaa hapa kwa mwanangu, nimalize mazoezi."

Mume wangu akasema kwa unyenyekevu, "Lakini Baba, mimi kesho napakia mzigo wa Dar, sitakuwepo mwezi mzima."

Mzee akasema, "Sikukusema wewe."

Mimi jikoni niliangusha mwiko. Akina mama, nilibubujika! Tumpe akaja akanikumbatia, naye analia, na lile gari likarudi Rungwe bila mgonjwa.

Ndugu zangu, pazia lipo mpaka leo. Niliomba liondoke, Bwana hakuliondoa. Uso wa baba mkwe wangu sijauona, na sijui kama nitauona kabla ya mbinguni, lakini sina haraka nao tena. Yeye anatembea sasa, anafika mpaka uani wakati mimi niko gulioni, na nikirudi nakuta amewamwagia kuku mahindi.

Namshukuru Yesu aliyenituliza mimi, mtu wa moto. Na kama humu ndani yuko mama ambaye begi lake liko tayari mlangoni, simlaumu, najua linavyofungashwa. Nakuomba tu dada yangu, umwambie Bwana leo kwamba hujui, kwa maneno hayo hayo. Halafu usubiri akuambie hatua moja. Anasema taratibu, lakini anasema. Yeye apewe sifa, akina mama. Amina.