Marehemu Ida Walter Nambunga, Aliyekatazwa Moshi

Baba Kasisi, wazee, ndugu na majirani, shikamooni. Kina mama mlioko jikoni nawaomba mfunike masufuria msogee hapa, kwa sababu wasifu huu unawahusu. Anayeusoma ni Lois, mtoto wa kwanza wa marehemu.

Marehemu Ida Walter Nambunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Chilangala, Wilaya ya Newala, akiwa mtoto wa tatu wa katekista Walter Nambunga na Bibi Winfrida.

Alianza shule mwaka 1958 na kuishia darasa la nne mwaka 1961. Akili alikuwa nazo, ila maji yalikuwa bondeni na mtekaji wa nyumba ile alikuwa yeye. Wasichana wenzake walipanda mlima wakipumzika mara tatu. Ida alipanda na ndoo kichwani huku akiimba wimbo wa kanisani mpaka ubeti wa mwisho, bila kutua. Wenzake walimtania, "Ida, hayo mapafu umeazima kwa nani?" Alipofika juu aliwasubiri, akawacheka.

Tarehe 2 Desemba 1967 alifunga ndoa na Bwana Basil Mnali huko Newala, na mwaka 1989 walihamia hapa Masasi. Baba yangu amevuta sigara miaka thelathini na mitano, na yuko hapa mbele, mzima, pakiti ikiwa kwenye mfuko wa shati. Mama hakuwahi kuonja hata moja. Sisemi zaidi ya hapo, Baba.

Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, Mama alianza kukusanya korosho zilizokataliwa kwenye mizani. Alizichoma uani kwenye debe lililotobolewa, akazibangua na kuziuza stendi kwa abiria wa mabasi ya Mtwara. Kila mtu hapa anajua moshi wa ganda la korosho, mweusi, unaowasha macho na koo. Mama aliinamia moshi huo miaka saba, na akarudi kuinamia wa jikoni. Ndio uliotusomesha sisi watano. Shati nililovaa siku naanza chuo cha ualimu lilinuka moshi ule, nami niliona aibu. Leo naona aibu ya aibu ile.

Mwaka 1996 alianza kukohoa kila asubuhi, na kufika 1998 alishindwa kutoka mlangoni hadi chooni bila kusimama. Mtaani ikaamuliwa ni kifua kikuu. Makohozi yalipimwa mara tatu, hayakuwa na kitu, lakini kikombe chake kilikuwa kimeshatengwa. Wengine walisema amerogwa na wauza korosho wenzake. Hatimaye mganga wa hospitali, Bwana Nikolao, alimweleza vizuri: njia za hewa zimesinyaa na kuharibika kwa moshi, hewa inaingia lakini haitoki yote, na kilichoharibika hakirudi. Alimpa kipampu cha kuvuta dawa kwa mdomo. Alimfundisha kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji, atembee kidogo kila siku, na makohozi yakibadilika rangi awahi hospitali. Kisha akasema, "Mama, dawa hii inafungua njia tu. Dawa yenyewe ni kukaa mbali na moshi."

Mama alitii. Aliacha kuchoma korosho, akahamisha jiko nje. Msibani alikuja kama kawaida, akakaa mkekani na kulia na wafiwa, ila jikoni, kwenye zamu ya kina mama ya kupika, hakuingia. Kwa miaka mitatu alipata nafuu, hata akaanza tena kuimba, ubeti mmoja mmoja.

Hapo ndipo mlipomfuata, kina mama. Mama Dickson, jirani yetu, ulikaa kwenye kigoda chetu ukasema, "Mama Lois, wenzako wanapika, wewe unakaa kama mgeni. Haya, siku yako atakupikia nani?" Nilisema nitapika kwa niaba yake. Ukajibu, "Mtu hapikiwi zamu na mwanawe."

Mama hakulala vizuri wiki ile. Aliniambia, "Kufa siogopi, mwanangu. Naogopa kulazwa pale uani na watu wasije."

Tarehe 9 Agosti 2002 kulikuwa na msiba kwa Mama Dickson. Mama alifunga kipampu kwenye ncha ya kanga akaenda. Kanga ile nilimfunga mimi kiunoni, na kwa hilo sijisamehe. Alisonga ugali siku tatu juu ya kuni mbichi. Aliposogea pembeni apumue, mmoja wenu alisema, "Anadeka huyo." Wote mkacheka, naye akarudi kwenye sufuria. Jumapili jioni midomo ilikuwa ya bluu na kipampu kimekwisha. Tulimfikisha hospitali ya Ndanda, wakamwekea hewa na kumhudumia usiku na mchana. Mapafu hayakuwa na cha kusaidiwa. Alifariki Jumamosi tarehe 17 Agosti 2002, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne. Siku moja kabla aliniuliza swali moja: "Waliniona lakini, kwamba nilipika?"

Marehemu ameacha mume, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja na dada yake Selestina wa Tandahimba.

Kina mama, mmekuja wote. Nimewaangalia mmoja mmoja, hakuna aliyebaki nyumbani, na Mama Dickson amesonga ugali wa sufuria kubwa mwenyewe. Mama amepata alichokitaka. Asubuhi hii, nikiwa bado nalia, mmoja wenu amenishika bega akaniambia kwamba sasa zamu ya nyumba hii ni yangu.

Chakula kipo tayari. Mama, wamekuja. Lala kwa amani, umeshapika.