Mdogo Wangu, Chiriku Wake na Mke Wake

Marehemu ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa baba mwashi na mama mshonaji. Mimi ndiye dada yake mkubwa, na kama mnavyojua, mdomo wa nyumba ile nilipewa mimi. Yeye alipokea ukimya wote uliobaki.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964, kisha akajifunza useremala. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mkia. Siku moja mwalimu alimwita mama akamwambia, "Mtoto wako hasemi." Mama akajibu, "Dada yake anamsemea."

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha kupasulia mbao, akasimama kwenye msumeno mkubwa hadi alipostaafu mwaka 2012. Mabaki ya mbao aliyoruhusiwa kuchukua ndiyo yaliyojenga lile banda uani: wavu wa matundu madogo, bati upande unakotoka mvua, na milango miwili iliyofuatana, ili akiingia kwa mmoja, wa pili uwe umefungwa na ndege asitoroke. Humo alifuga chiriku. Aliwapa mtama na maji safi, akawabania jani la mchicha kwenye wavu wadonoe. Nilimwambia, "Mtu na akili zako, unafuga kelele?" Akasema, "Nimeshazoea kwako."

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986 na wifi yangu aliyeketi hapa mbele, wakati huo mpishi wa kantini ya kiwanda. Uchumba wao ulikaribia kuvunjika. Kila jioni kazi ikiisha, huyu bwana alikuwa anaaga mbio: "Nawahi, watoto hawajala." Binti wa watu akavumilia, akavumilia, mwisho akamjia juu: "Hao watoto, mama yao yuko wapi?" Ndugu yetu, badala ya kujieleza kama watu wengine, akajibu, "Ameatamia." Jamani! Wifi alikuja nyumbani kwetu amenuna, akidai aonyeshwe huyo mwanamke. Nilipomfuata uani nilimkuta ameshika wavu, anacheka mpaka machozi.

Hawakujaliwa mtoto. Nalisema kwa sauti kwa sababu tangu juzi kuna wanaolinong'ona. Hospitali walikwenda wote wawili, wakapimwa wote wawili, na majibu wakakaa nayo wenyewe. Mambo ya chumbani kwao yatabaki chumbani kwao.

Ule msumeno ulimla masikio polepole, ukaanza na sauti nyembamba. Jioni moja alitoka bandani ana wasiwasi, akamuuliza mkewe, "Mbona wamenyamaza? Wanaumwa?" Nao chiriku walikuwa wanaimba hadi redio haisikiki. Wifi hakumwambia siku ile, alilia kwanza. Tangu hapo kila asubuhi waliketi pamoja kwenye benchi karibu na wavu, wifi akamweleza, huku ndugu yetu akiisoma midomo yake: "Yule dume mkorofi ndiye anaimba. Jike lake limemnunia. Sasa wale wadogo wameingilia." Ndugu yetu alicheka kana kwamba amewasikia. Mimi na wifi tumegombana sana, hata kwa chumvi ya mchuzi tumegombana, lakini hilo nililiona kwa macho yangu. Nilimpenda wifi yangu siku ile, na sijawahi kumwambia mpaka leo.

Agosti mwaka jana figo za ndugu yetu zilianza kushindwa kazi. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi tena kitandani. Tulikisogeza kitanda dirishani upande wa uani. Katika siku zake za mwisho alituita, mimi na wadogo zetu wawili wa kiume, akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusikia kwake: "Nikiondoka, mke wangu asiambiwe ahame. Nyumba ni yake." Wadogo zetu wakaitikia, "Sawa, kaka." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Jana, ndugu yetu hajazikwa, mmoja wa wale walioitikia ameonekana uani na futi ya kupimia. Ameuliza banda likivunjwa vitaingia vyumba vingapi vya kupangisha. Mwenzake alikuwa amemshikia ncha ya futi. Ndiyo, ninawatazama.

Marehemu ameacha mjane, dada, wadogo wawili wa kiume na watoto wa ndugu zake. Hakuacha mtoto, na hilo si kosa la mtu. Nyumba, uwanja, banda na vyote vilivyomo ni vya mjane. Nimeyaandika yakachapwa, na kila mmoja wenu ana nakala mkononi.

Basi, wadogo zangu, kabla hatujamshusha kaburini, simameni hapo mlipo muitikie tena, safari hii mbele ya watu. Maneno ya kumtakia kaka yenu mapumziko mema ninayo mdomoni, na sitayatamka mpaka nisikie sauti zenu. Nasubiri.