Noti Kumi na Saba Nilizozizungushia Wino Mwekundu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu wa muziki, wazazi, wahitimu, na kwaya yetu iliyosimama tangu asubuhi bila hata mmoja kuomba kiti:

Mmeniomba nistaafu kwa furaha. Nimejaribu. Tai hii nimefungwa na mke wangu, huku akiniapisha nisigombane na mtu. Mama watoto, nisamehe.

Wimbo mlioupigia makofi sasa hivi umetungwa na binti aliyeketi mstari wa nyuma, karibu na mlango, bila joho. Wenzake humwita Mkasi. Hana joho kwa sababu sisi majaji watatu tulimfelisha somo la utunzi. Tulimfelisha kwa wimbo gani? Huohuo.

Alinijia darasani akiwa na daftari.

"Mwalimu, nimeanzia mi hadi re ya juu, noti saba. Halafu nimekata so na re, zimebaki tano."

"Na kwa nini usikate fa na ti kama watu wote?"

"Hizo ndizo zinazouma, mwalimu. Fa inaikwaruza mi, ti inaikwaruza do. Wimbo ni wa mtoto anayemsubiri mama yake, na mama harudi. Nikizitoa, mama atakuwa amerudi."

Nilicheka, nikamwambia ana kichwa kigumu. Wiki mbili baadaye, mbele ya jopo, nilizungushia wino mwekundu fa na ti zake zote, kumi na saba, nikaandika pembeni: "Noti si sahihi." Mimi, niliyemfundisha kwamba skeli, yaani ngazi ya noti za wimbo, mtu huweza kujichagulia mwenyewe. Wenzangu walikuwa na haraka ya chai, nami nilikuwa na woga wa kubishana. Nani alikuwa na afadhali hapo?

Na hatukuishia hapo. Maneno yake yalitupendeza, basi tukaagiza wimbo "usahihishwe" kwa ajili ya leo: kila fa ikawa so, kila ti ikawa la. Ukapigwa pasi, mikunjo yote ikaisha, mama akarudi nyumbani, nanyi mkapiga makofi. Kwenye ratiba, jina la mtunzi tukalisahau. Waheshimiwa, huko ni kusahihisha au ni kupora?

Nimekasirika, na wa kwanza kunikasirisha ni mwenye masikio haya mawili, ambayo wanafunzi mmeyachora kwenye kila ubao wa chuo hiki. Makubwa kiasi hicho, na siku yalipohitajika hayakusikia kitu.

Hii hapa fomu ya kurekebisha matokeo ya Mkasi. Inataka sahihi tatu, yangu ipo. Wenzangu wa jopo mko meza kuu, naiona chai yenu imeshapoa, na kalamu hii hapa. Ni ya bluu.

Kwaya, jana niliwagawia karatasi zake za mwanzo, mkaniuliza ni za nini. Zifungueni. Mkasi, binti yangu, njoo mbele uwaongoze.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni yeye, na fa zake zote.