Ndoo Mbili za Mfagiaji

Fundi seremala alikuwa ameshapitiliza kituo chake cha basi, lakini hakuinuka. Angeinukaje, wakati kwenye viti vya mbele yake mazungumzo yamepamba moto?

Mama mshonaji alikuwa anakwenda kuona, kwa mara ya kwanza, igizo la nyimbo alilokuwa akilisikiliza kwenye kaseti miaka kumi na miwili. Mzee aliyekaa naye alikuwa mfagiaji wa ukumbi wenyewe.

"Mwisho usiniambie, baba yangu, nakuomba," alisema mama. "Kaseti yangu inakatikia pale mama anapomsubiri mwanawe stesheni, treni ndiyo inaingia. Mimi najua anashuka. Na wangu vilevile, iko siku atashuka."

"Wala sisemi. Halafu mimi siangalii, nafagia tu," akajibu mzee kwa fahari ya mtunza siri. "Ila igizo hilo lina kazi! Siku zake nabeba ndoo mbili za ziada, karatasi za kufutia machozi tupu."

Seremala akafumba macho. Kuna watu wangefaa kupewa ufagio tu, mdomo wakanyimwa.

"Machozi ya furaha," mama akasema polepole.

Mzee akatazama viatu vyake.

"Baba, nakuuliza. Ya furaha?"

"Si umesema nisikuambie?"

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Mfagiaji akashuka mbiombio, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mama akabaki ameishikilia tiketi yake kwa mikono miwili, mlango uko wazi.

"Mama," dereva akaita, "unashuka au hushuki?"