Chupa ya Nane ya Mama Chupa

Wasikilizaji wapendwa, kiwanda cha sabuni kilikuwa kinamwaga uchafu mtoni. Ushahidi wa kukizuia uliharibikia nyumbani, kwenye beseni la kuoshea vyombo.

Leo tunamkumbuka aliyeubeba ushahidi ule. Mpimaji wa maji. Mtaani walimwita Mama Chupa. Tumemzika Alhamisi.

Miaka ishirini na saba alipima mto mmoja. Kila Jumatatu, vituo saba, chupa saba. Alivaa mabuti ya mpira, akasuuza kila chupa mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, ndipo akaijaza. Kisha akageuza jiwe na kuhesabu wadudu waliojishikiza chini yake, wale wenye mikia mitatu kama nyuzi.

"Hawa hawana siasa," alimwambia mumewe. "Maji yakichafuka wanaondoka. Sisi tunabaki kubishana."

Mumewe ni fundi viatu. Anazikumbuka chupa zilivyopangwa dirishani, jua la asubuhi likipita ndani yake. "Nyumba ilinuka matope," ameniambia. "Sasa hainuki kitu. Sipendi."

Jumapili moja mkewe alilala na homa. Kikao cha kuamua kama mfereji wa kiwanda ufungwe kilikuwa Ijumaa, na kilibaki kipimo kimoja tu. Fundi akaona amsaidie. Akaziosha chupa zote, akazing'arisha. "Nikajiona mume wa maana," anasema.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, shikeni hili. Mama Chupa alikuwa na chupa ya nane. Hiyo aliijaza maji safi ya maabara, ili ajipime mwenyewe: ikionyesha uchafu, kosa ni la chupa, si la mto. Jumatatu ile alipopima, chupa ya nane ilionyesha sabuni.

Mkuu wa maabara akamwambia, "Imwage hiyo, dada. Nani asiyejua kiwanda kina makosa?"

Hakuimwaga. Alirudi nyumbani nayo mkononi.

"Baba, hizi chupa uliziosha na nini?"

"Na sabuni, mke wangu. Si zilikuwa chafu?"

Alikaa chini akacheka mpaka machozi. "Wakili wa kiwanda analipwa bure," akasema. "Kumbe ninaye hapa."

Ijumaa alisimama kikaoni. "Chupa zangu ziliingia sabuni ya nyumbani. Vipimo hivi havifai." Wakamuuliza nani aliyeziosha. "Chupa ni zangu," akajibu, akakaa. Kikao kikavikataa vipimo vyake vyote.

Hakumtaja. Mpaka anaingia kaburini hakumtaja. Fundi amekuja studio mwenyewe, kofia mkononi: "Sema ni mimi."

Basi nimesema. Mama Chupa alianza upya, kituo cha kwanza, chupa ya kwanza. Mfereji ukaja kufungwa kwa vipimo ambavyo hakuna aliyeweza kuvipinga.

Fundi, pole sana. Poleni watoto, poleni wenzake wa maabara. Na wewe unayenisikiliza, jiulize bila kujidanganya: chupa ya nane ingekuwa mkononi mwako, ungeimwaga?

Jibu ukijua bei yake. Mfereji ulikaa wazi miaka minne zaidi. Jumatatu mia mbili na nane. Kaya kumi na tisa za chini ya kiwanda zilihama. Kwenye kituo cha tano, chini ya jiwe moja, zamani Mama Chupa alihesabu wadudu arobaini. Mwaka jana walikwenda pamoja, yeye na fundi, wakaligeuza jiwe lile lile.

Wadudu walikuwa watatu.