Umeme Ulikatika Muuza Miti Akiwa Kituoni

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu Esperansia lilikuwa kukunja pembe ya ukurasa. Alikuwa akinisomea riwaya nyepesi ya mapenzi ya Krismasi, nami nikimenya ndizi. Nilimwambia, kama siku zote, kwamba kitabu hakikunjwi, nikampa kipande cha karatasi aweke alama. Alikitumia kufutia kisu changu, akakunja ukurasa. "Tutamalizia baada ya chakula," alisema. "Usisome mbele." Jioni kichwa kilimuuma. Kesho yake nilirudi kutoka hospitali peke yangu. Hayo yalitokea mwaka jana, na tangu hapo kitabu kiko rafuni, sijakifungua.

Kijiwe chetu cha Lusahunga ni benchi moja, kati ya jiko la Verediana, muuza kahawa, na rundo la matairi ya Juvenali, anayeziba pancha za malori yanayotoka mpakani Rusumo. Huyu tunamwita Tairi. Mwenye sauti kubwa ni Mashimba, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga. Majuzi wote watatu walikwenda banda la video. Ilionyeshwa filamu ya riwaya hiyohiyo, imetiwa sauti ya Kiswahili. Umeme ukakatika muuza miti ya Krismasi akiingia kituoni mbio, na binti anayempenda ameshapanda treni. Haukurudi. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya pili ya ubishi.

— Alimwahi, alisema Tairi. Kwenye theluji ile treni haiondoki. Magurudumu yanateleza, na magurudumu ndiyo kazi yangu.

— We Tairi, treni haina matairi, alisema Mashimba.

— Ndiyo maana inateleza zaidi.

Verediana alikuwa anapuliza mkaa.

— Hata akimwahi, atamwambia nini? Filamu nzima anababaika tu.

— Mimi mwanamume huyo simwelewi kabisa, alisema Mashimba. Anakata mti mzima, anamuuzia mtu akausimamishe sebuleni, wiki ikiisha unatupwa. Haujengi zizi, haupikii. Baba mtu amtoe binti yake kwa kazi hiyo?

— Baba yake alikufa mwanzoni, alisema Tairi.

— Uliona kaburi?

— Sikuona.

— Basi hakufa. Kajificha. Ndiye yule mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa anagawa zawadi dukani.

Tairi aliacha kunywa ili alifikirie hilo.

— Yule ni Baba Krismasi, alisema Verediana.

— Baba wa huyo binti, nakwambia. Hukuona anavyowapima vijana kwa macho? Anatafuta mkwe. Na wale wanyama wenye mapembe wanaovuta gari lake ndiyo mahari.

— Mahari itokeje kwa baba wa binti? aliuliza Verediana.

— Hapo ndipo binti alipokasirika, akapanda treni.

Verediana alicheka hadi akamwaga kahawa kwenye mkaa. Nami nilicheka. Nilikuwa sijacheka hivyo kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa msichana anayeitwa Keza, aliyeshuka kwenye gari la Rusumo, akingoja gari la Biharamulo. Alikuwa ametuamkia shikamoo, akachukua kikombe, akatusikiliza.

— Samahanini wazee wangu, alisema. Filamu hiyo si imetoka kwenye kitabu?

— Ndiyo, alisema Tairi.

— Kwani hapa hakuna mwenye hicho kitabu?

Tairi aliinuka akapanga matairi ambayo yalikuwa yamepangwa. Mashimba aliomba aongezewe kahawa, na kikombe chake kilikuwa kimejaa. Ndipo nilipoelewa. Esperansia alizoea kusoma kwenye benchi hili, na Verediana ndiye aliyesimuliwa sura za mwanzo. Walikuwa wamebishana siku mbili, wamefika hadi kwenye mahari ya wanyama wa theluji, na wakati wote huo hakuna hata mmoja aliyenigeukia kuniuliza habari za kitabu.

— Kipo, mwanangu, Verediana alimwambia. Aliyekuwa anakisoma ndiye hayupo.

— Poleni, alisema Keza. Gari lilipofika, alimrudishia Verediana kikombe, akapanda.

Alipoondoka, Mashimba alinigeukia.

— Mwalimu, sisi hatukukuuliza kitu.

— Najua.

— Hata mimi hiyo filamu nimeshaisahau, alisema Tairi.

Asubuhi iliyofuata nilikitoa kitabu rafuni, nikaenda nacho kijiweni. Verediana alinifutia nafasi kwenye benchi. Nilifungua palipokunjwa nikaanza kusoma kwa sauti. Kumbe katika kitabu muuza miti alikuwa bado hajafika kituoni, alikuwa anahangaika kutafuta gari, na Tairi alimpa ushauri mwingi. Mashimba alinikatiza mara kwa mara kuuliza kama kuna mshenga aliyetumwa.

Kahawa iliisha kabla ya kitabu. Lori lenye pancha lilikuwa linapiga honi, na Mashimba alikuwa na ng'ombe wa kunywesha.

— Tutaendelea kesho, alisema Tairi. Usisome mbele peke yako, Mwalimu.

Kipande cha karatasi nilichobeba cha kuweka alama kilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilikiacha hukohuko, nikakunja pembe ya ukurasa.