Jina Tulilopewa na Mtoto

Ndugu waombolezaji, maneno haya ni yangu mimi dada yake, anayasoma mjukuu kwa sababu shule niliiona kwa nje.

Mdogo wangu, fundi makufuli mnayemjua, cheti kinasema alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, lakini hiyo ni siku baba alipomwokota, mchanga wa miezi michache, kando ya barabara walikopita watu wakikimbia vita, akamleta ndani ya koti la kazi, mama akauliza, "Wa nani huyu?" naye akajibu, "Wa mbali. Funga mlango."

Tukamwita Mwanambali, mwana wa mbali, na karani wa kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba alipokuja kuandikisha familia, baba, kwa hofu ya kunyang'anywa mtoto, alijiandikisha yeye jina hilohilo, na mama, na mimi. Watu wakadhani ni "mwana" yule wa mwanamaji na mwanahewa, kwamba tuna asili ya wasafiri, nasi tukawaacha waamini hivyo, ingawa baba hata mto hakuwahi kuvuka.

Alisoma kuanzia 1959 hadi 1965, akafungua kibanda chake tarehe 10 Juni 1972, akaoa tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu, lakini tangu alipoambiwa ukweli akiwa na miaka kumi na miwili, mgeni akiuliza tu maana ya jina letu, yeye alishatoka kwa mlango wa nyuma, akidhani wamekuja kumchukua, na nyumbani alitia makomeo matatu, mkewe akimtania, "Baba watoto, tunalinda dhahabu gani humu?"

Figo zilianza kumsumbua 2019, akalazwa tarehe 2 Mei 2023, akanishika mkono, "Dada, watu wakijua, mtanizika na baba au mtanitafutia pembeni?" na tarehe 9, saa nne asubuhi, akatutoka.

Jana watoto wa baba mdogo, ambao jina hili hawana, walinong'ona ukumbini kwamba kaburi lisichimbwe kwa baba mpaka ijulikane huyu ni wa nani, nami niliogopa, leo nasema: hatukumpa jina, yeye ndiye aliyetupa, kaburi limechimbwa kushoto kwa baba, na anayetaka kumtoa hapo aanze kwa kunivua mimi jina langu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliofunga vibanda vyenu leo.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, hakuna anayekuja kukuchukua, mlango nimeufunga mimi.